Usiisome Mbele ya Kanisa

Kwa Shangazi,
Jumatano, baada ya chakula cha mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako la kushoto limeacha kukusumbua sasa mvua zimepungua. Kama bado linakusumbua, nakuomba tena usikanyage cherehani kwa mguu huo. Ile mota niliyokuletea siyo pambo la kufunikwa kitambaa. Mimi huku sijambo. Shangazi naye hajambo, anakusalimu sana, na anasema nikuandikie kwamba mkoba uliomshonea bado anao na zipu yake haijafa. Chumba alichonipa kiko nyuma, kinatazama ukuta wa jirani, lakini kina meza, na hapo mezani ndipo nilipokaa tangu asubuhi nikiandika na kuchana.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema Jumapili ya wiki ijayo kanisa litaniombea kabla sijaanza masomo, kwamba Mchungaji ameshakubali kuniwekea mikono kichwani, kwamba gauni langu la rangi ya maziwa limebaki kupigwa pindo tu, na kwamba unachosubiri kwangu ni maneno machache ya kueleza kwa nini nimechagua kusoma theolojia chuo kikuu, ili uyasome mwenyewe mbele ya watu. Ukaniambia niandike kutoka moyoni. Haya, nimeandika kutoka moyoni, ndiyo maana kabla hujaendelea nakuomba kitu kimoja. Baba, usiisome barua hii mbele ya kanisa. Funga mlango wa karakana, kaa kwenye stuli yako, uisome peke yako mpaka mwisho, hata kama katikati utatamani kuitupa.

Najua unayowaambia watu. Shangazi haweki kitu tumboni, amenisimulia yote. Ukimpima mteja mabega unamwambia kwamba binti yako ameitwa. Unasema wito ulinishukia siku tulipomzika Mama, Mchungaji alipokuwa akihubiri, halafu unawaonyesha ile karatasi ya mahubiri uliyoitia plastiki na kuitundika juu ya cherehani. Wewe uliyetaka nisome sheria kwa sababu nabishana hata na redio, ukaniita Bi Maswali, leo unatembea kifua mbele kwa sababu ya theolojia. Kila nikiifikiria furaha yako hiyo naiweka kalamu chini. Mimi sijaitwa na mtu, Baba. Ninakwenda kusoma theolojia kwa sababu ya kinyaa.

Hivyo ndivyo nilivyowajibu hata kwenye usaili. Tulikuwa saba kwenye benchi nje ya ofisi, na tulipokuwa tunasubiri kila mtu alitoa sababu zake. Mmoja alisema ameota mara mbili anapewa kitabu. Mwingine anataka kuwa kasisi jeshini, maana kule wanapewa nyumba. Wa tatu, kijana mkweli nikampenda, alisema alama zake zilikataliwa kila mlango isipokuwa huu. Kulikuwa na dada mwenye miwani anayetaka kujifunza lugha za kale. Zamu yangu ilipofika, mhadhiri mmoja mzee, mwenye chaki kwenye mkono wa koti, akaniuliza sababu yangu, nami nikasema kinyaa. Akaacha kuandika. Akauliza kinyaa cha nini, nikamwambia cha maneno. Akauliza kama ninaamini, nikamwambia nimekuja kuangalia kama kuna cha kuamini chini ya yale niliyoyapiga chapa kwa miaka minne. Wenzake walitazamana. Yeye aliniambia tu kwamba maktaba inafungwa saa tatu usiku, na kwamba kabla ya mwaka wa pili nitahitaji miwani.

Sasa nikueleze hiyo miaka minne, kwa sababu ofisi ya kanisa wewe unaijua kwa mlangoni tu. Ukiingia ndani kitu cha kwanza kinachokupokea ni harufu. Maua ya mazishi hayatupwi pale. Yakitoka makaburini yanarudishwa ofisini, yanawekwa kwenye ndoo nyuma ya kabati, na Jumapili yale yenye uhai kidogo yanapelekwa madhabahuni. Maji ya ndoo hizo yanageuka kijani na kutoa ute. Kazi ya kuyamwaga ilikuwa yangu, na kila Jumatatu nilikuwa natoka pale nikinuka mikono hata nikishika mkate siutamani. Kando ya kabati ndipo ilipo meza yangu na kompyuta, na mbele yangu ilikuwa meza ya Mchungaji. Mchungaji anakula karanga kutwa. Anatafuna huku anasoma, maganda yanamwagika kwenye karatasi, halafu analamba kidole anafunua ukurasa. Nilikuwa nikipokea karatasi zake zina mafuta ya kidole na mate, nazipanga kwenye faili kwa ncha za vidole.

Lakini hayo ni ya mwilini, mtu anazoea. Kilichonishinda ni ile tuliyoiita karatasi ya faraja. Mchungaji hana mahubiri ya mazishi, Baba. Ana karatasi. Ni kurasa mbili tu, zimo kwenye kompyuta tangu kabla sijaajiriwa. Ndugu wa marehemu akija, anajaza fomu: umri, kazi, ameugua au ameondoka ghafla, ameacha nani. Mimi nachukua fomu, najaza mapengo ya ukurasa wa kwanza, halafu nachagua ukurasa wa pili kati ya mitano iliyopo. Kuna wa mzee, wa mtu mzima, wa kijana, wa mama na wa mtoto mchanga. Siku nyingine Mchungaji alikuwa hata haingii ofisini kuangalia. Anapiga simu kutoka alipo, anatafuna, anasema, niwekee ya mzee, ya ghafla, isiyo na mjane. Kama mtu anayeagiza chai, isiyo na sukari.

Na pembeni mwa ukurasa wa pili, mistari mitatu kutoka chini, kuna neno nililokuwa naliandika kwa kalamu nyekundu kwenye mabano: leso. Hapo ndipo sauti yake inapokatika. Umeiona mara nyingi, nawe ukaniambia huyu mtu ana moyo laini. Anatoa leso nyeupe iliyopigwa pasi, anaigusisha jichoni, anaikunja, anaendelea. Leso hiyo hakupengea kamasi hata siku moja. Ilikuwa inakaa kwenye droo yangu, nami ndiye niliyeipiga pasi. Mwanzoni sikuona ubaya. Nilijiambia watu wengi wanakufa, mchungaji ni mmoja, afanyeje? Nikawa hata najivunia, naboresha sentensi, natoa maneno magumu naweka mepesi. Aliniambia nina kipawa, na nilifurahi, usidhani sikufurahi.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, tulikuwa na mazishi mawili Jumamosi moja. Asubuhi, mtoto wa kike wa miezi minane. Mchana, dereva mstaafu wa malori, pande la mtu ambalo jeneza lake lilihitaji wabebaji wanane. Ijumaa jioni nilizitoa karatasi zote mbili kwenye mashine, nikazibana pini haraka haraka kwa sababu nilitaka kuwahi kufunga. Nilibana ukurasa wa kwanza wa mtoto na ukurasa wa pili wa mzee, na wa kwanza wa mzee na wa pili wa mtoto.

Asubuhi hiyo nilikaa nyuma, karibu na spika, kama kawaida yangu. Mama wa mtoto alikuwa mbele kwenye kiti cha plastiki. Ni msusi, ana kibanda karibu na soko, mume hana. Jeneza lilikuwa juu ya meza ndogo, la kubebwa na mtu mmoja kwapani. Mchungaji alisoma ukurasa wa kwanza vizuri. Akafunua. Akasoma kwamba marehemu alifanya kazi yake kwa uaminifu mpaka nguvu zilipomwishia. Nilimtazama nikidhani atasimama, atakohoa, atatunga hata uongo. Aliendelea. Akasema ameona wana wa wanawe, ameshiba siku, sasa amelaza kichwa chake kilichojaa mvi. Alipofika mstari wa tatu kutoka chini akatoa leso. Baba, alilia, machozi nimeyaona kwa macho yangu, akimlilia mtoto wa miezi minane kwa mvi zake. Na watu wakasema amina. Wazee wa kanisa wote, na suti zao, walisema amina. Nilitazama mstari mzima wa vinywa vikifunguka na kufumba, nikatoka nje nikatapika nyuma ya choo cha wanaume.

Nilipopata nguvu nilikuwa nimeshachelewa hata kwa yule wa pili. Mchana dereva wa malori aliitwa ua changa lililochumwa kabla halijachanua, na mikono midogo ambayo haijatenda dhambi. Wenzake wa barabarani waliuma midomo, mmoja akajifanya anafunga kamba ya kiatu muda mrefu kabisa. Mjane wake alisema baadaye kwamba Mchungaji anajua utani. Nimecheka hapo mimi pia, miezi mingi baadaye, na bado sipendi kwamba nilicheka.

Jumatatu yule msusi alikuja ofisini. Alikuwa na ile karatasi ya mahubiri, aliyopewa baada ya mazishi, ndani ya mfuko wa nailoni. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema hakuja kugombana, makosa yapo, hata yeye amewahi kumnyoa mtu upande mmoja. Alichotaka ni kuuliza jambo moja tu. Karatasi ilisema mtoto wake amepumzika baada ya kazi, na yeye amefikiri siku mbili ni kazi gani ile, akaona labda watu wa Mungu wanajua kitu ambacho yeye hakijui. Kwa hiyo mtusaidie, alisema. Mtoto wa miezi minane alikuwa amepewa kazi gani, na kwa nini imeisha mapema?

Mchungaji alimeza karanga zilizokuwa mdomoni. Akasimama, akamshika bega, akamwambia njia za Mungu ni za juu, halafu akasema ana kikao. Hakukuwa na kikao chochote, kitabu cha ratiba ninakiandika mimi. Akatoka kwa mlango wa nyuma, na akipita kwangu akaninong'oneza nimpe yule mama kile kijitabu cha bluu cha sala tunachowagawia wafiwa. Mimi nilimpa yule msusi maji ya kunywa badala ya kijitabu. Nikamwambia ukweli, kwamba hakuna aliyejua lolote, nilibana pini vibaya, ukurasa ulikuwa wa dereva. Akaniuliza kama maneno yale basi hayakutoka kwa Mungu. Nikasema yalitoka kwenye mashine. Akatikisa kichwa polepole, akanywa maji yote, kisha akaniuliza mimi mwenyewe ninafikiri nini kuhusu mtoto wake, yuko wapi sasa. Miaka minne nilikuwa naandika maneno ya kuwaambia waliofiwa, Baba, na nilipoulizwa ana kwa ana sikuwa na hata moja langu. Alinisubiri kwa adabu kabisa. Halafu akaaga akaenda zake.

Wiki ile niliandika barua ya kuacha kazi. Wewe nilikwambia nimechoka na safari, ukanielewa. Wenzangu waliniuliza kama sasa nitaacha na kanisa, maana wengi wakiona uchafu wa namna hii wanaondoka jumla na kufunga mlango. Nimefikiri kuhusu hilo pia. Lakini mtu akila chakula kibovu hotelini hasusi kula maisha yake yote. Anasukuma mlango wa jikoni aone kinapikwaje. Ninataka kuingia jikoni. Ninataka kuzijua hizo lugha za kale ili mtu asinisomee tena kitabu ninachoweza kukisoma mwenyewe. Ninataka kujua watu waliotutangulia, ambao nao walizika watoto na walikuwa na akili timamu, walisema nini walipoulizwa swali la yule msusi. Kama kuna jibu, nilikute. Kama halipo, nijue halipo baada ya kutafuta, siyo kabla, na nimrudie kibandani kwake nimwambie hivyo nikimtazama usoni. Hiyo ndiyo sababu yangu, na ingeweza kusomwa kanisani ukikata hapa na pale.

Nimechana karatasi nne kwa sababu kila mara nilikuwa naishia hapo juu. Shangazi ameingia sasa hivi akaniuliza kama naandika barua au kitabu. Ngoja nimalize.

Katika mwaka wangu wa kwanza pale ofisini, kuna ndugu wawili walikuja kujaza fomu ya mama yao huku wanatukanana juu ya nani atatembea mbele ya jeneza. Mchungaji akaniambia nitafute cha kuwatuliza. Nikatunga aya. Unaijua aya hiyo kwa moyo, imetundikwa juu ya cherehani yako. Inasema: Siku tatu kabla ya kuondoka marehemu aliniita kando ya kitanda, akaniambia, Mchungaji, moyo wangu ni mweupe, sina kinyongo na yeyote aliye nyumbani mwangu, waambie walale usingizi. Mchungaji hakuwahi hata kufika kwenye kitanda cha yule mama. Lakini wale ndugu walikumbatiana pale pale kaburini, na yeye alirudi ofisini akisugua mikono, akasema hiyo itatufaa. Ikatufaa kweli. Tuliisoma kwa watu kumi na mmoja. Mama alikuwa wa kumi na mbili.

Siku ile Mama alipofariki, Mchungaji alipiga simu ofisini kutoka kwenye semina. Mimi nilikuwa nimepitia kuchukua kanga yangu, nikapokea. Akasema, niwekee ya mama, ya kuugua, yenye mgane. Kisha ndipo akakumbuka anaongea na nani, akasema pole sana, Mungu ni mwema. Katika siku tisa alizolazwa hakukanyaga hospitali, wewe ulidhani alikuja ulipokwenda nyumbani kulala. Ningeweza kuiacha karatasi kama ilivyo. Lakini nilikuwa nimekuacha nyumbani umekaa kwenye ngazi ya mlango, umevaa kiatu kimoja, siku ya pili hujala, na nilijua kinachokukaa kooni. Nikaitafuta ile aya nikaibandika. Ni mimi, Baba. Nilikaa kwenye kiti changu, ndoo za maua nyuma yangu, nikamwekea mama yangu mdomoni maneno ambayo hakuyasema.

Ulisimama uliposikia. Ulipenga kamasi, jioni ukala. Nilikutazama ukila nikajiona nimefanya la maana.

Sikuandikii yafuatayo kwa sababu umesahau. Nayaandika kwa sababu hakuna aliyewahi kuyasema kwa sauti nyumbani kwetu. Uliposema Mjomba ameiba bunda la kitambaa cha sare za shule, ulimkung'utia begi lake barabarani, mbele ya wateja na watu wa duka la jirani, nguo zake za ndani zikaanguka vumbini. Wiki iliyofuata ikajulikana bunda halikuwahi kutoka kwa muuzaji wa jumla. Mama alikuambia nenda kamwombe radhi mdogo wangu. Ukasema huwezi kumwomba radhi kijana uliyemfundisha wewe kushika sindano. Kuanzia hapo, miezi saba, nyumba nzima ikapita mdomoni mwangu. Mwambie baba yako chakula kiko mezani. Mwambie mama yako nitachelewa. Mwambie baba yako bomba linavuja. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimesimama kati ya watu wawili wazima waliokaa sofa moja.

Mwezi mmoja baada ya mazishi Mjomba alikuja karakana kukusalimu. Nilikuwepo, nimeshika uzi. Alisimama mlangoni hajavua kofia wala hajaingia. Wewe hukusimama. Ulinyoosha kidole kwenye karatasi na kumwambia dada yako ameshayamaliza mambo haya, soma mwenyewe. Alisoma mpaka mwisho, herufi zangu zile, nukta zangu. Akasema sawa, shemeji, akaondoka. Siku hizi anarekebisha suruali za watu kwenye baraza ya duka la vifaa vya ujenzi, na cherehani yenyewe ameazimwa. Siku ile ndiyo kinyaa kiliniingia, siyo siku ya mtoto. Nilipomtazama Mchungaji akimlilia mtoto kwa mvi zake, nilichokitapika nyuma ya choo kilikuwa changu kwanza.

Mama alisema kitu hospitali. Ilikuwa siku ya nane, mchana, wewe ukiwa kwenye benchi la korido. Alinivuta mkono nikainama. Alisema, mwambie baba yako amtafute mdogo wangu, amwombe radhi kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu wale wale. Asipofanya hivyo, asinililie. Akanifanya niyarudie mara mbili, neno kwa neno, kama nilipokuwa mdogo akinituma dukani. Niliyarudia vizuri. Nikatoka, nikakukuta umelala umekaa, mdomo wazi, nikasema nitakuambia kesho. Kesho yake alifariki. Keshokutwa nilikuwa nimeshaandika kinyume chake, na miaka miwili nimekuacha unalala usingizi nilioutunga.

Sasa nimekuambia.

Sijui kama ninakutendea haki au ninakunyang'anya kitu pekee ulichobaki nacho. Usidhani kwamba kwa kuwa ninakwenda chuo kikuu nina jibu mfukoni. Ninajua tu kwamba siwezi kuingia darasa la kwanza la theolojia huku nimeufungia ujumbe wa marehemu. Na siwezi kuinamisha kichwa mbele ya mikono ile ya karanga, watu wakasema amina. Mwambie Mchungaji sitakuja. Sababu mpe unayotaka, au usimpe. Karatasi ni yako, uitoe ukutani au uiache, sitakuuliza.

Nitafika huko Jumamosi kwa basi la asubuhi. Nitalala kwa rafiki yangu mpaka utakaponiita nyumbani. Gauni nitalivaa, usilikunje vibaya. Mjomba sijamwambia neno, maana ujumbe haukuwa wa kwake. Ukiamua kujibu, usinitumie ujumbe kwa mtu, niandikie mwenyewe kwa mkono wako, hata kama ni matusi. Nitayasoma yote.

Nisalimie mama wa duka la jirani na wanawe, na fundi wa redio, na mpangaji wetu kama amepona jino. Shangazi anarudia salamu zake. Kwa Mjomba situmi salamu, Baba. Za kwake unazo wewe tangu leo.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Bi Maswali